Blanketi Mgongoni mwa Friji

Alhamisi, Julai 1975. Asubuhi sakitu ilikuwa nyeupe juu ya majani, ungedhani mtu kapita anamwaga unga. Sasa jua limetoka, lakini ni jua la kutazama tu. Nimekaa kwenye ngazi ya zahanati na daftari magotini.

Wewe mjukuu wangu Neema, umepotea. Tangu Krismasi hujakanyaga hapa. Usiniletee habari za barabara, barabara ya lami nimeiona kwa macho yangu. Mabasi yanatoka huko Mbeya, yanapita Igawa, yanashusha watu Mafinga kila siku ya Mungu. Nikienda sokoni nawatazama wanavyoshuka na masanduku yao. Wewe humo.

Najua ukija utalichukua daftari hili juu ya kabati kabla hujavua viatu, na utatoa penseli kunisahihisha. Sahihisha. Mimi sikukaa darasani hata siku moja, herufi nimezipata kwenye kisomo cha watu wazima, meno yakiwa yameshapungua. Lakini habari ya mwezi huu uisome kwangu kabla hujaisikia njiani. Watu wameanza kuitengeneza.

Nimekosa, mke mwenzangu. Nianze hapo.

Mdogo wako Lusungu alijifungua mapema. Mwezi wake ulikuwa haujafika. Uchungu ulimshika Jumapili shambani kwa mama mkwe wake, wakamleta zahanati kwa baiskeli. Mtoto wa kike. Mdogo, Neema. Nimezaa tisa na sijawahi kushika mtoto mwepesi hivyo. Ni kama kushika hindi lililokosa mvua. Halii. Anafungua mdomo tu na kuufunga.

Nesi Tabitha akasema mtoto wa namna hii adui yake wa kwanza ni baridi. Akae kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na chumba kiwe na joto. Sawa. Chumba gani? Kile cha wazazi unakijua, sakafu ya saruji, dirisha limepasuka, usiku maji yanaganda kwenye ndoo. Moto wa kuni haukubaliwi mle. Jiko la mkaa Nesi amelikataza kabisa, maana mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu wamelala, na hapo hana makosa.

Mimi nikakumbuka friji.

Kazi yangu zahanati ni kufagia, kuchota maji na kuilisha friji ile ya dawa za chanjo. Inakula mafuta ya taa. Chini ina tangi na utambi, moto unawaka mle mchana na usiku, moshi unatokea darini kwa bomba lake. Moto chini, barafu juu. Miaka minne nimeilisha na kuukata utambi wake, na hata siku moja sikuuliza inawezekanaje moto uzae barafu. Niliona ni mambo ya wenyewe waliosoma.

Ila kitu kimoja nilikijua, na hiki hakuna aliyenifundisha. Mgongoni mwake kuna joto. Kuna mabomba na mabati membamba huko nyuma, na ukisimama hapo mwezi wa saba miguu inakushukuru. Soksi zangu nimezikausha hapo mara nyingi.

Jumatatu, Nesi akiwa kwenye nyumba za watu upande wa shule, nikamhamishia Lusungu chumba cha friji. Kitanda nikakiingiza mle, nikaisukuma friji kidogo mgongo wake ukielekee kitanda. Nikatundika mablanketi mawili, moja kutoka ukutani mpaka juu ya friji, jingine pembeni, nikapata kibanda kidogo. Dirisha nikaliziba kwa magunia. Dakika chache tu, mle ndani kukawa na uvuguvugu kama wa pumzi ya ng'ombe. Mtoto akapata rangi. Jioni akalishika ziwa.

Nesi aliporudi akatazama, akanitazama na mimi. Akasema, "Bibi, hii friji itaona shida?" Nikamwambia friji ni chuma, chuma hakioni shida. Binti wa watu akaniachia. Amekuja hapa juzi tu, na mimi nimekuwa hapa tangu tofali la kwanza.

Jumatano asubuhi akaifungua friji. Kipimajoto kimepanda. Ile barafu ya kwenye kisanduku cha juu imekuwa maji.

Na kesho yake ilikuwa siku ya chanjo. Kijiji cha ng'ambo ya mto surua imeshaingia. Watoto wawili wamezikwa huko. Akina mama walikuwa wameambiwa kanisani na kwenye mkutano wa kijiji, kila aliye na mtoto wa miezi tisa kwenda juu aje.

Tukaangalia utambi. Nikaukata. Moto ukawaka bluu, safi. Tukanusa mafuta, labda mwenye duka katia maji. Hayana maji. Nesi akasema tuongeze moto. Tukaongeza moto, na kipimajoto kikazidi kupanda.

Kuna dereva wa misheni aliyewahi kutuambia kwamba friji ya aina hii ikigoma unaigeuza kichwa chini, maji ya ndani yaliyokwama yarudi njia yake, kisha unaisimamisha na kuisubiri. Nesi alicheka siku ile. Jumatano hakucheka. Tukaizima, tukaita wanaume wanne, wakaigeuza kichwa chini katikati ya chumba kama mbuzi anayetaka kuchinjwa. Ikakaa hivyo saa nyingi. Lusungu kitandani anatetemeka, maana moto umezimwa na joto limekwenda nao. Miguu ya mtoto ikawa ya bluu.

Magharibi tukaisimamisha, nikawasha. Mabomba ya mgongoni yakaanza kupata moto.

Nami nikarudisha mablanketi. Kwa mikono yangu hii.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu watakapokudanganya kwa kunihurumia. Watasema Bibi hakujua. Kujua sikujua. Lakini niliposhika yale mabomba Jumatano asubuhi, kabla hatujaizima, nilivuta mkono, hayakuwa na joto la siku zote, yalikuwa yanaunguza. Nikajisemea kimoyomoyo, huyu mnyama nimemvika nguo na ana homa. Nikahisi. Na nikanyamaza, kwa sababu nilijua nikisema watayaondoa mablanketi, na mtoto ni wangu.

Alhamisi akina mama wakaja. Wengine walitoka kwao jogoo la kwanza. Mama Zawadi wa ng'ambo ya mto alikuja na wawili, Zawadi mwenyewe kwa mkono na mdogo wake mgongoni, umande umemlowesha mpaka magotini.

Nesi alikuwa ameshavimwaga vile vichupa vya chanjo. Alinieleza hivi: dawa ya surua ikipata joto inakufa ndani ya kichupa na sura haibadiliki. Unamchoma mtoto, mtoto analia, mama anakwenda nyumbani amefurahi, na umemchoma maji. Akatoka barazani akawaambia leo hakuna chanjo, friji imeharibika, rudini tutakapowaita.

Wewe unawajua wanawake wa huku. Hawapigi kelele, wanachoma.

"Nesi, mafuta ya friji mmekaangia maandazi?"

"Tuonyesheni basi hiyo baridi iliyokufa, tukaizike."

Mama Zawadi akasema, "Mwacheni, dada zangu. Anapendeza. Sabuni ya kunukia nayo inataka mafuta yauzwe." Wakacheka, kile kicheko kisicho na meno.

Nesi alisimama mikono nyuma. Mimi nilikuwa nafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Jumamosi fundi wa friji akafika kutoka Iringa mjini, amepanda lori la mbao lililokuwa linarudi Mafinga. Fundi Athumani. Mtu mzima, mnene kidogo, kofia ya kushonwa. Akaniamkia vizuri, nikaitika, nikampeleka. Akasimama mlangoni akatazama kile kibanda changu.

"Bibi, nani kaivika friji blanketi?"

"Kwani inaona joto?"

"Inakufa kwa joto, Bibi."

Akayavuta yote mawili yakaanguka. Akang'oa magunia dirishani. Lusungu akamgeuzia mgongo kumficha mtoto na upepo.

Halafu akanieleza, na nimwombee heri, hakunieleza kama mtoto. Alisema friji haina kiwanda cha baridi. Hakuna mtu anayetengeneza baridi duniani. Friji ina hamali. Hamali huyo anaingia tumboni mwa friji, anabeba joto lililomo, anatoka nalo, analitua mgongoni. Tumbo linabaki bila joto, na hilo ndilo tunaliita baridi. Hamali jina lake amonia. Neno hilo fundi aliniandikia mwenyewe siku ile, nami nimelinakili hapa. Imo ndani ya mabomba pamoja na maji. Moto wa utambi unaichemsha amonia itoke kwenye maji iwe mvuke, mvuke unapanda, unafika kwenye mabati ya mgongoni, unapoa, unakuwa matone. Matone yanashuka tumboni, yanageuka mvuke tena kwa kunyonya joto la humo, yanarudi kwenye maji. Safari haiishi.

Nilikaa chini kwenye kiti.

Kwa sababu hiyo kazi naijua, Neema. Kuna kitu bibi yako huyu alikuwa anakipika nyuma ya nyumba zamani, kabla mchungaji hajanikalisha kitako, na wewe usijifanye hujasikia. Chungu motoni, mvuke unapita kwenye bomba, bomba linapita kwenye beseni la maji baridi, kitone kinadondoka. Maji ya beseni yakipata moto hakuna kitone. Unaweza kuchochea kuni mpaka msitu uishe, utapata mvuke wa kuwasha macho basi. Hilo nililijua kabla mama yako hajazaliwa. Na mimi huyo huyo nimechukua beseni la friji nikalifunika blanketi, kisha nikaongeza kuni.

Nikamwambia fundi hivyo hivyo. Alicheka mpaka akavua kofia. Akasema wanafunzi wake wa Iringa huwachukua wiki mbili kulielewa, na hakuna hata mmoja aliyempa mfano huo.

Nikamuuliza kama hiyo amonia ina sumu. Akasema ndiyo, ukiivuta nyingi inaunguza kifua, lakini ina uungwana mmoja: inanuka. Ikivuja kidogo tu chumba kizima kinanuka mkojo wa zizi la asubuhi, unambeba mtoto, unafungua mlango, unatoka. Kuna friji nyingine za umeme mjini zina gesi isiyo na harufu hata kidogo, ikitoka hujui imekwenda wapi. Mimi nikasema niachieni yenye harufu. Nimeishi na watu wa aina zote mbili.

Lakini mtoto alikuwa kitandani na dirisha wazi. Hilo ndilo nililokuwa naliona wakati wote anaongea.

"Fundi," nikamwambia, "hili joto analolitua hamali, sasa litakwenda wapi?"

"Nje, Bibi. Dirishani."

"Na upande wa pili wa ukuta huu ni chumba cha wazazi."

Akautazama ukuta. Akaugonga kwa kiganja. Akaniuliza tofali za kuchoma au mbichi. Mbichi, nikamwambia, nilizibeba kichwani.

Nesi akaingia katikati. "Bibi, ukuta huu ni wa serikali."

"Na mtoto ni wa nani?"

Akaenda kutafuta chaki ya kuchora mahali pa kutoboa.

Nikwambie jambo la huyu Nesi. Alikuwa ameshasikia yote kwa fundi. Jumamosi nzima angeweza kutoka barazani akasema, ni huyu bibi, ni blanketi lake. Hakusema. Jioni alimletea Lusungu uji. Mimi nilikuwa namwita kasichana kenye sabuni, na daftari hili ukirudi nyuma utakuta nimeandika hivyo mara tatu. Usifute. Nataka nikisoma nione haya.

Jumapili baada ya ibada wanawake walisimama nje ya kanisa kama kawaida, na Nesi akapita na kitabu chake cha nyimbo. Yakaanza tena, maandazi, sabuni. Nikasema pale pale, mbele ya mchungaji anayepeana mikono na watu.

"Friji niliiharibu mimi. Niliifunika blanketi kumpasha joto kitukuu wangu. Jumatano nilihisi nimekosea nikanyamaza."

Kisha Mama Zawadi akanigeukia.

"Kumbe ni wewe, Bibi."

"Ni mimi."

"Na miguu yangu ile, kwenda na kurudi?"

"Nimeitembeza mimi."

Akamwinua mdogo wake Zawadi mgongoni akamweka sawa, akaenda zake. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Jumatatu fundi akatoboa. Tundu moja juu, nyuma ya friji, linatosha kupitisha ungo mdogo. Jingine chini karibu na sakafu. Tulipata mabanzi ya msonobari bure kwa wapasua mbao wa Mafinga, yale yenye magamba wanayoyatupa, akatengeneza nayo kama bomba pana la mbao linaloanzia mgongoni mwa friji mpaka tundu la juu. Friji ikasogezwa mbali na ukuta kiasi cha shubiri mbili, ikapumua. Joto linapanda lenyewe linaingia kwa wazazi. Baridi ya sakafuni kwao inatoka kwa tundu la chini, inakuja kuipoza friji mgongo. Hakuna mtu anayesukuma. Moshi wa taa una bomba lake lile lile la darini, hauchanganyiki na hewa ya watoto, hilo fundi alilirudia mara nyingi. Mwezi wa kumi jua likikaza, tundu la juu lina kifuniko. Tutalifunga na kufungua dirisha.

Utambi ule ule. Mafuta yale yale, hata tone halikuongezeka. Sasa yanapoza dawa upande huu na kuwapasha wazazi upande wa pili. Miaka minne tulikuwa tunalitupa joto hilo nje likawapashe kunguru.

Usidhani ni joto la jikoni. Ni kiasi cha kuondoa ukali tu. Dirisha lililopasuka tumelipigilia ubao. Ndoo haigandi tena. Lusungu amerudi mle, mtoto anakaa kifuani kwake na miguu yake ni ya rangi ya miguu.

Ningeishia hapo kama daftari hili lingekuwa la kujisifu.

Siku ya nane tangu Alhamisi ile, Zawadi akapata homa. Macho mekundu, kikohozi, kisha vipele. Surua. Nilikwenda kwao na uji wa ulezi, nikasimama uani. Mama yake akaupokea, akafunga mlango. Nikaenda tena kesho yake. Akaupokea, akafunga mlango. Siku ya nne mlango uliachwa wazi, nikaingia, nikakaa na mtoto gizani maana mwanga ulimwumiza. Nilimkanda kwa kitambaa.

Nesi ananiambia ugonjwa ule ulikuwa umeshamwingia Zawadi kabla, kwamba hata angechanjwa Alhamisi ile ungemtokea tu, surua inajificha siku nyingi mwilini. Ameniambia mara mbili. Labda ni kweli kwenye kitabu chake. Labda ni huruma tu, ule uji aliomletea Lusungu kwa namna nyingine. Siulizi mara ya tatu.

Zawadi amepona. Amekonda, lakini juzi aliomba ndizi, na alipopewa ndogo akanuna.

Leo dawa mpya ziko kwenye friji. Nesi amenibandikia karatasi mlangoni. Kila asubuhi na kila jioni nasoma kipimajoto na kuandika namba. Sikufukuzwa kazi. Alisema mtu aliyekwisha kuiua friji mara moja ndiye ataijua ikianza kuugua. Namba za wiki hii zote zimelala chini ya mstari mwekundu. Nimeziandika kubwa.

Akina mama wa chanjo walianza kufika leo jua halijapanda. Safari hii hawakusimama barazani. Nesi aliwaingiza chumba cha wazazi wasubiri mle. Walikaa wamejibana karibu na tundu la juu kama kuku. Mmoja akasema kumbe friji nayo ina huruma, mwingine akamjibu, "Ina huruma kuliko mume wako, angalau hii inapasha mgongo." Lusungu alicheka na mtoto kifuani akatikisika.

Mama Zawadi alikuja wa mwisho. Nilidhani haji. Zawadi hakuwa naye, alikuwa na mdogo wake tu. Akasimama mlangoni anatafuta mahali pa kukaa, pamejaa, nafasi iliyobaki ni kwenye benchi langu. Akakaa. Nesi akaita jina la mtoto. Mama Zawadi akafungua mbeleko, akamchukua mwanawe, akaniwekea mapajani.

"Mshike miguu, Bibi. Anapiga teke huyu."

Nikamshika. Alipiga kweli. Akachomwa, akalia, akalowesha sketi yangu. Imekauka sasa hivi hapa juani.

Basi, Neema. Nimemaliza, na mkono unauma.

Ukija, usianzie kwangu. Shuka Mafinga, panda lori la mbao, teremka zahanati. Ingia chumba cha wazazi na unyooshe mkono kwenye tundu la juu. Ukikuta uvuguvugu, mbebe kidogo kitukuu wangu halafu njoo nyumbani ule. Ukikuta baridi, mwambie Nesi hapo hapo. Usije kwanza kuniuliza mimi kwa nini. Mimi nitakupa sababu nzuri, kama nilivyojipa ya blanketi.